Walimuaga, Mashine Ikagoma

Katika kiwanda kile cha sabuni, mtu akiacha kazi upande wa upakiaji haondoki kimya kimya. Siku yake ya mwisho, mkanda ukishazimwa, wenzake humkalisha juu ya kreti lililopinduliwa, humzunguka, na kila mmoja humwambia jambo moja la kweli ambalo amekuwa akilimeza. Si sifa. Sifa ni za maofisini, huko wanakopeana saa za ukutani. Kwenye kreti unaambiwa kwamba unajamba ukiinama, kwamba mwavuli wako haukuibiwa na wapita njia, na aliyeuchukua anakutajia alivyouchukua. Ukishasikia yote, nawe unamwambia kila mmoja lake. Watu wanacheka, wanalia, wanakumbatiana, kisha geti linafungwa nyuma yako. Sheria yake ni kwamba neno la kreti linabaki kwenye kreti. Halilipizwi, halirudiwi, halipelekwi kwa bosi. Nani aliyeianzisha desturi hiyo hakuna anayekumbuka, ila ilifanya kazi vizuri kwa sababu aliyeagwa alikuwa anaondoka kweli.

Mkasi aliagwa, kisha hakuondoka. Balaa likaanzia hapo.

Jina hilo la Mkasi alipewa kwa sababu alikata utepe wa katoni kwa meno, akamaliza katoni yake wakati wengine bado wanatafuta ncha ya utepe kwa kucha. Ulimi wake nao ulikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo jina likamkaa. Alisimama kwenye mkanda ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sabuni zilimjia zikiwa bado na joto la mashine, akazidaka, akazipanga, akafunga, akasukuma. Jioni miguu ilivimba hata kandambili zikamkataa. Mumewe alitoka kumsindikiza mgeni kituoni, akasindikiza moja kwa moja mpaka leo. Nyumbani alibaki na mama yake mzazi, na ng'ambo ya ua, mlango ukitazamana na wake, alikaa mdogo wake wa kiume pamoja na mkewe.

Huyo mke wa mdogo wake, yaani wifi yake, ndiye Mkasi aliyemleta kiwandani. Alimshika mkono mpaka getini, akamwombea kazi, akamfundisha kudaka sabuni ya moto bila kuunguza vidole. Wifi alikuwa amesoma zaidi yake kidogo, na mdomo wake ulikuwa mtamu. Haukupita muda mrefu akafanywa msimamizi. Mkasi akabaki pale pale kwenye mkanda, sasa akiulizwa mbele za watu, "Wifi, mbona umekawia chooni?"

Akameza na hilo.

Ndipo ukaja mradi wa mashine. Aliyeuleta ni Injinia, kijana mtanashati mwenye viatu vizito na shati lisilojua jasho. Jambo la kwanza alilofanya ni kutundika ubao mweupe mrefu ukutani, karibu na mlango wa stoo, akaubandika vipande vya karatasi za rangi, kimoja kikianzia kingine kinapoishia kama vigae vya paa. Kila kipande kilikuwa kazi yake: kuleta mashine, kuifunga, kuunganisha umeme, kufundisha waendeshaji, kuijaribu, kuikabidhi. Juu ya kila kipande aliweka kifungo cha sumaku. Kijani maana yake kazi inakwenda, njano inalegalega, nyekundu imekwama. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mkanda haujawashwa, wote walitakiwa kusimama mbele ya ubao huo.

"Kila mmoja ajue tulipofika," alisema Injinia. "Mradi huu hauna siri."

"Na sisi tuko wapi hapo?" aliuliza Mama Pacha, mpakiaji aliyesimama mkabala na Mkasi siku zote.

Injinia akaonyesha kipande cha kijivu mwisho kabisa wa ubao, kilichoandikwa kupunguza wapakiaji. "Hapa."

"Afadhali na sisi tumepangwa," akasema Mama Pacha, watu wakacheka kile kicheko cha kukosa la kufanya.

Mashine yenyewe ilikuwa mkono wa chuma wenye vikombe vya mpira mwishoni. Vikombe vingefyonza sabuni, mkono ungeinuka, ungegeuka na kuzipanga ndani ya katoni bila kulalamika miguu. Lakini mkono huo ulihitaji watu wawili wa kuukalia mbele, kuulisha katoni na kuuzima ukikorofisha. Watu wawili, viti viwili. Viti vyenyewe vililetwa mapema kuliko mashine, vikawekwa karibu na ubao vikiwa bado na nailoni zake.

Mkasi alivitazama viti vile kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani. Alikuwa na umri ambao hakuna kiwanda kingine kingemfungulia geti, na mama yake alikuwa anakula kwa mikono yake. Lakini hata bila hayo alikitaka kiti. Afanye kazi amekaa. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kulipwa akiwa amekaa.

Injinia alipotangaza kwamba majina ya waendeshaji yataletwa na msimamizi, Mkasi akaona ameshapona. Msimamizi si wifi yake? Wala hakumwomba. Aliona aibu kumwomba mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Majina yakabandikwa. Yalikuwa ya wasichana wawili waliokuja juzi juzi, vidole vyao bado laini.

Mkasi alimfuata Injinia. "Majina yameshaingia kwenye mpango, mama," akajibiwa. Akamfuata wifi yake.

"Wifi, wakubwa wameamua," alisema wifi huku akitazama pembeni. "Mimi nina sauti gani?"

Ijumaa moja vifungo vyote ubaoni vilikuwa kijani. Kesho yake mashine ingejaribiwa kwa sabuni za kweli, na Jumatatu wapakiaji wa kwanza wasingerudi. Mkasi alikuwa wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote. Wakamkalisha kwenye kreti.

Mama Pacha akaanza. "Mkasi, habari za mumeo tumezisikia mpaka tunamjua kuliko unavyomjua. Siku akirudi, sisi ndio tutamfukuza, maana tumemchoka."

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akamwambia kwamba tangu amjue hajawahi kumsikia akisema ahsante, na akisaidiwa hununa kama ameibiwa. Mwingine akamwambia kwamba ule utepe anaoutafuna unawatia kinyaa. Mkasi alicheka na kuyapokea yote. Yalikuwa kweli.

Mwisho akaja wifi yake. Alikuwa ameshaanza kulia kabla hajafungua mdomo.

"Wifi, Injinia aliniuliza kuhusu wewe," alisema. "Alitaka jina lako liwe la kwanza. Mimi nikamwambia umesema hutaki, kwamba umechoka, unataka kupumzika. Nilisema mwenyewe. Kila nikikuona pale kwenye mkanda, najiona bado ni yule uliyemshika mkono getini. Nisamehe."

Kicheko kikafa. Wengine Mkasi alishawaandalia majibu yao tangu zamani. Mama Pacha alikuwa aambiwe kwamba anaimba kama bawaba isiyotiwa mafuta, na aliambiwa, baadaye kidogo. Lakini kwa wifi yake alikuwa hakuandaa kitu.

"Nyoka ninayemjua mimi hana miguu," alisema hatimaye. "Wewe unayo, na viatu ulivyovaa nilikununulia mimi."

Wifi akamkumbatia hata hivyo, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na Mkasi akasimama wima kama nguzo mpaka mikono ile ikamwachia. Akaenda nyumbani. Gauni lake la kazi akampa mama yake alipasue matambara. Aliamua kwamba ule mlango wa ng'ambo ya ua hautamwona tena akiuelekea, na maisha yataendelea.

Jumatatu alfajiri akagongewa na mlinzi wa kiwanda. Anatakiwa kazini.

Mkono wa chuma ulikuwa umegoma. Ulipojaribiwa kwa vipande vya mbao ulikuwa hodari, lakini sabuni za kweli, zikiwa bado na joto na utelezi, zilichomoka kwenye vikombe zikaruka huku na huku kama samaki. Shati la Injinia lilikuwa limeona jasho hatimaye. Ubaoni palikuwa na nyekundu moja, na kipande cha kijivu kilikuwa kimesogezwa kulia.

"Wiki ijayo," alisema Injinia.

Mkasi alirudi kwenye mkanda na gauni la kuazima lililombana kwapani. Mkabala naye alisimama Mama Pacha, ambaye zamani aliimba kutwa nzima, sasa kimya kama kaburi. Yule aliyechukia utepe alimtazama kila alipopeleka katoni mdomoni. Na huku na huko, akipita nyuma ya migongo yao na karatasi zake, alikuwa wifi yake, msimamizi, macho yakitazama sakafu.

Wiki ikafika, mashine haikuwa tayari. Vikombe viliagizwa vingine. Vilipokuja vilifyonza vizuri mno, vikaacha alama kwenye sabuni kama chuchu. Wiki ijayo. Feni za kupoza sabuni zikafungwa, umeme ukashindwa kuzibeba. Wiki ijayo. Kila Jumatatu walisimama mbele ya ubao, Injinia akasogeza vipande kulia, akaeleza kwa nini, na kwa kweli alieleza vizuri, maana hakuwa mtu mjinga wala mvivu. Alilala kwenye mashine ile kuliko kwao. Ila watu aliokuwa akiwasogeza walikuwa wameshajiaga mioyoni, na hawezi mtu kuondoka kila Ijumaa na kurudi kila Jumatatu bila kuanza kuchukia hata sura ya mlango. Wapakiaji wakamwita Wiki Ijayo, mbele yake kabisa, naye akaitika.

Mkasi akamvizia siku moja akinywa chai.

"Injinia, tarehe umebadilisha mara ngapi?"

"Mama, tarehe kubadilika ni kawaida. Ndiyo maana tunafuatilia."

"Na majina?"

"Majina yalishapitishwa. Kubadilisha jina kunahitaji kikao cha makao makuu."

"Kwa hiyo siku inaweza kuhama, mtu hawezi?"

Injinia akafikiri kidogo. "Ndivyo utaratibu ulivyo."

Neno lilimfika Mkasi kwenye ncha ya ulimi, kwamba mimi sikusema sitaki, nimesingiziwa. Likakwama. Lilikuwa neno la kreti. Tangu ajue kiwanda kile hakuwahi kumsikia mtu akilitoa neno la kreti nje. Akaondoka akitafuna utepe usio na katoni.

Nyumbani mama yake aliona kila kitu, kama kawaida ya kina mama wanaojifanya hawaoni vizuri.

"Mbona wewe na mke wa mdogo wako hamsalimiani?"

Mkasi akamweleza, akijiambia kwamba mama si kiwanda.

"Amekwenda kumwambia huyo bosi wake ukweli?"

"Amelia, mama."

"Kulia analia hata mtoto akinyimwa andazi. Nimekuuliza, amekwenda?"

Jioni hiyo Mkasi alimkuta wifi yake bombani, uani, ndoo ikijaa. Akaweka yake nyuma.

"Kesho nenda kamwambie Injinia ulichoniambia mimi."

Wifi alishtuka, akatazama milango. "Wifi, lile lilikuwa la kreti."

"Kreti ni la anayeondoka. Mimi niko hapa nakinga maji."

"Kosa langu hilo? Mimi ndiye niliyeikwamisha mashine? Ningejua unarudi ningekwambia?"

"Sasa hapo ndipo umesema kweli."

"Wewe ndiye uliyenifundisha ile sheria, wifi. Siku yangu ya kwanza. Ulisema anayeivunja hana adabu."

Hilo lilimuudhi Mkasi kuliko uongo wenyewe. Akachukua ndoo yake ikiwa nusu, maji yakammwagikia miguuni njia nzima.

Watu wa makao makuu nao wakachoka na wiki ijayo. Jumatatu moja walipofika mbele ya ubao walimkuta mama mmoja mfupi, mwenye miwani na mkoba mkubwa, aliyetumwa kukagua kwa nini mradi umechelewa. Wakamwita Mkaguzi. Alipita kipande kwa kipande kwa kidole, akauliza maswali mafupi, na Injinia akamjibu akiwa wima kama mwanafunzi. Joto la sabuni lilikuwa limeshashughulikiwa, alisema. Feni zinafanya kazi, vikombe vipya vinashika bila kuacha alama, majaribio ya mwisho yako karibu. Mkaguzi akaridhika. Kidole chake kikafika kwenye kipande cha kufundisha waendeshaji.

"Hawa wawili ni wageni kazini. Kwa nini hamkuchukua wazoefu?"

Injinia akamgeukia msimamizi. Wote wakamgeukia msimamizi.

Wifi alikuwa na nafasi hapo, pana kama geti la malori.

"Tuliwauliza," alisema. "Wazoefu wenyewe hawakutaka. Wamechoka."

Mkasi alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Uongo wa kwanza ulisemwa kwa siri, na mwenyewe ameulilia. Huu ulisemwa mbele yake, macho makavu.

"Mimi sikuulizwa," alisema.

Mama Pacha akamkanyaga mguu. "Mkasi. Usiseme."

"Sikuulizwa na sikusema nimechoka. Huyu alisema kwa niaba yangu. Ameniambia kwa mdomo wake, siku ya kreti, na hawa wote walikuwepo."

Mkaguzi akashusha miwani. "Kreti gani?"

Wapakiaji wakatazama viatu vyao. Hata wale waliomhurumia Mkasi walitazama viatu. Swali lile halikupata jibu siku hiyo wala siku nyingine.

"Ni kweli ulisema hivyo?" Mkaguzi akamuuliza wifi.

Machozi ya wifi yalianza, kisha kama aliyekumbuka kwamba yameshatumika, akayafuta. "Ni kweli," alisema.

Mkaguzi akamgeukia Mkasi, akamtazama kuanzia lile gauni la kuazima hadi kandambili. "Mama, kazi hii unaitaka au huitaki?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Mkasi alikuwa na maneno mengi, ya miaka, na yote yakamkimbia.

"Naitaka."

"Basi afundishwe pamoja na hao wawili. Mtawapima wote watatu, wawili watakaofaulu ndio watakaokaa."

"Hilo linahitaji kikao," alisema Injinia, kwa sauti ndogo.

"Kikao ndiye mimi."

Injinia akaondoa kifungo cha kijani kwenye kipande cha mafunzo, akaweka cha njano. Alimtazama Mkasi kama unavyomtazama mtu aliyekanyaga sakafu uliyotoka kudeki.

Siku ile ile Mama Pacha alimweleza Mkasi, bila kumtazama, mikono ikipanga sabuni. "Ulikuwa na haki. Sikatai. Lakini nani sasa atakaa kwenye kreti amwambie mwenzake kweli? Umetuharibia."

"Mimi nimeharibu? Aliyesema uongo ni mimi?"

"Yeye kakuharibia wewe. Wewe umetuharibia sote."

"Kwa hiyo ningenyamaza niende nikaombe mitaani, ili nyie mpate pa kusemeana."

"Sijui, Mkasi. Nimechoka. Nipe utepe."

Alijifunza mashine. Haikuwa rahisi na hakuipenda. Maandishi ya kwenye kioo yalimpita, akayashika kwa rangi na kwa mahali yalipokaa, na alipokosea Injinia alimrudishia pole pole mpaka Mkasi akamwonea haya kwa jinsi alivyokuwa amemsema. Siku ya kupimwa, msichana mmoja alifanya vizuri kupita wote. Mkasi alimzidi msichana wa pili kidogo tu. Yule wa pili alilia getini, mtoto wa watu ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote. Mkasi alimwona, akapita upande mwingine wa malori.

Kisha mashine ikakubali. Hakuna aliyeamini, hata Injinia, aliyezunguka mkono ule kama anayesubiri umuumbue. Sabuni ziliinuka, zikageuka, zikalala kwenye katoni zimenyooka. Kifungo cha mwisho kikawa kijani, na kipande cha kijivu kikafikiwa.

Wapakiaji waliondoka Ijumaa jioni kwa mstari, kila mmoja na mfuko wake, bila kusimama. Aliyeagana aliagana kwa kichwa. Mkasi alikuwa kwenye kiti, mkono wa chuma ukipumua mbele yake. Mama Pacha peke yake ndiye aliyekata mstari.

"Kiti kizuri?"

"Kigumu."

"Vumilia," alisema Mama Pacha, na hakuna aliyejua kama ni kejeli au huruma, labda hata yeye mwenyewe. Akaenda zake.

Jumatatu ukumbi ulikuwa mpana hata sauti zilirudi. Mkasi alikaa, miguu chini ya meza, akisubiri raha aliyoingojea miaka yote, na alichopata ni mgongo kumuuma mahali papya. Rundo la katoni kando yake lilikuwa linaisha. Nyuma yake akasikia hatua alizozijua, kisha hatua zikasimama.

Tangu siku ya Mkaguzi hawakuwa wamesemezana, si kazini wala uani.

"Wifi," ilisema sauti, "unahitaji kitu?"

Mkasi hakugeuka. Mkono wa chuma uliinuka na kuzunguka.

"Katoni," alisema.

Kazi ya kubeba katoni haikuwa ya msimamizi, na wapakiaji waliokuwa wakizibeba walikuwa hawapo tena. Kisha zile hatua zikaelekea stoo, na zikarudi zikiwa nzito.